Vita vya Bi Vipeperushi na Kinyonga wa Ukumbini

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye haraka na msio na pa kwenda. Wekeni chini vikombe, punguzeni redio, na mwenye mtoto ambembeleze atulie, kwani nawaletea habari ya vita vilivyopiganwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa mtaa wetu, vita ambavyo havikumwaga tone la damu, ila vilimwaga jasho la kutosha kuoshea gari. Nami sikusimuliwa. Nilikuwa nimeketi meza ya mbele, kalamu mkononi, maana mimi ndiye katibu wa mtaa, na macho yangu hayajaniongopea tangu nilipopata miwani.

Shujaa wa habari hii alikuwa mwanamke wa makamo, Afisa Elimu kwa Umma wa Wakala wa Mazingira wa serikali, ambaye kila mtaa aliopita ulimwita Bi Vipeperushi, kwa kuwa hapakuwa na aliyewahi kusalimiana naye akaondoka mikono mitupu. Ndiye Mbeba-Mabango, Mvuka-Madimbwi, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa akifundisha watu kuishi na nyuki, popo, nyoka na kenge bila kuumizana, na aliyeweza kukuambia nyoka yupi ni wa kuogopwa na yupi ni wa kuombwa radhi. Lakini hakuna ngao isiyo na ufa, na ufa wa ngao yake aliujua mtu mmoja tu, dereva wake wa siku nyingi, ambaye baadaye ndiye aliyenipasha: Bi Vipeperushi alikuwa anamwogopa kinyonga. Si kidogo. Hata kwenye kitabu, akifika penye picha yake, alikuwa anafunua ukurasa kwa rula.

Na kilichomleta kwetu hakikuwa mchezo. Nyuma ya nyumba zetu kuna pori la nyasi na vichaka, na kila kiangazi tulikuwa tukilitia moto ili kuwafukuza nyoka. Mwaka uliotangulia upepo uligeuka. Moto ukala uzio wa shule ya chekechea, ukafika hatua nne kutoka duka la mitungi ya gesi, nasi hatukuwa na silaha ila ndoo za kufulia. Hata hivyo mwenyekiti wetu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu aliyezoea moto kama samaki alivyozoea maji, alikuwa ametangaza kwamba mkutano ukiisha tu, pori litawaka tena. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwake. Bi Vipeperushi alikuwa na saa moja ya kutushinda kwa maneno.

Watu wapatao arobaini walikaa. Mabango yakatundikwa. Shujaa akavuta pumzi, akanyoosha mkono kukamata kipaza sauti, na hapo ndipo adui alipojidhihirisha: juu ya mlingoti wa kipaza, kijani kibichi, urefu wa mswaki, mkia umejikunja, jicho moja likitazama wananchi na la pili likimkagua mwenyekiti.

Mtu mmoja alisema, "Kinyonga," kwa sauti ya kawaida kabisa. Ilitosha. Viti vya plastiki vikapinduka, kandambili zikabaki bila wenyewe, na jeshi la nyuso arobaini likageuka jeshi la migongo arobaini kasoro mmoja, likasongamana milangoni na madirishani.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti alinguruma akiwa juu ya kiti, "mmejionea kwa macho yenu. Tumeitwa hapa tuambiwe tusichome pori, na pori lenyewe limetutumia mjumbe. Leo kinyonga, kesho joka, kesho kutwa sisi tutalala vichakani na wao watajifunika mablanketi yetu. Nipeni ufagio. Huyu namaliza naye hapa, kisha twende kwa ndugu zake."

Ufagio ukapitishwa dirishani, ukamfikia. Bi Vipeperushi alisimama kama nguzo, mkono ungali hewani, na mimi niliyekuwa karibu nilimsikia akinong'ona bila kugeuza shingo.

"Mtoe."

"Mimi, bosi?" dereva aliuliza nyuma yake.

"Wewe."

"Mimi ni mtu wa usukani," dereva alijibu kwa heshima zote. "Na hata nikimtoa, watasema wakala ina dereva jasiri. Wewe ndiye uliyewaambia hana madhara. Iko kwenye kipeperushi, ukurasa wa pili."

"Najua iko. Nimeiandika mimi."

"Basi, bosi."

Shujaa akatazama ufagio. Akatazama mfuko wenye kiberiti. Kisha, enyi wasikilizaji, akashusha bango moja, akalikunja likawa mkuki wa karatasi, akalisogeza mbele ya miguu ya adui yake.

Wapo mashujaa waliopambana na simba, lakini simba kwa uchache huja mbio, ukajua moja. Kinyonga aliinua mguu mmoja. Akautikisa hewani. Akafikiri. Akaurudisha palepale. Akauinua tena. Shujaa wetu hakuweza kukimbia kwa sababu watu walikuwa wanatazama, wala hakuweza kunyamaza kwa sababu meno yangegongana. Kwa hiyo alizungumza.

"Huyu hana sumu," alianza, sauti ikipanda na kushuka kama ngazi mbovu. "Kazi yake ni kula nzi na panzi. Na nyoka mnaowachomea pori, moto hauwamalizi. Unawahamisha. Nyoka akitoka motoni anatafuta kivuli, na kivuli cha karibu ni uvungu wa kitanda chako."

"Ndiyo maana," alisema mama mmoja dirishani. "Mwaka jana tuliwakuta wawili jikoni, siku ileile ya moto."

Mguu wa kwanza ukagusa bango. Watu wakaanza kurejea ndani kwa kunyata, si kwa kupenda elimu bali kwa kutaka kuona mwisho wake.

"Fyekeni nyasi hatua kumi kutoka ukutani," aliendelea, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. "Mabati na matofali mliyoyalundika, yaondoeni. Takataka zinaita panya, panya anaita nyoka. Ukimwona nyoka, rudi nyuma, funga mlango, piga ile namba iliyo kwenye kipeperushi. Ni bure."

Mguu wa pili. Wa tatu. Dakika kumi na moja zilipita kwa saa yangu. Ndipo mkunga mstaafu, ambaye nusu ya waliokuwa mle ndani walizaliwa mikononi mwake, akainuka kwenye kiti cha mbele ambacho hakuwa amekiacha hata mara moja.

"Mwanangu," alisema, "na huyu je, moto ukimkuta, kwa mwendo huo anakimbilia wapi?"

Sote tukautazama mguu wa nne, ambao ulikuwa bado unaning'inia hewani.

"Hakimbilii popote, mama," alisema Bi Vipeperushi. "Anang'ang'ania tawi tu."

Mwenyekiti akashuka kwenye kiti. Ufagio akauegemeza ukutani.

Kinyonga naye akamaliza kulipanda bango, akalipita lote, na kwa kuwa mwenda pole njia ikimwishia hasimami, akakanyaga mkono wa sare ya serikali, akaanza kupanda kuelekea kiwiko. Kati ya wawili wale, mtaa wetu unabishana hadi leo nani alibadilika rangi zaidi. Shujaa hakupiga kelele. Aligeuka taratibu, mkono ameutanguliza kama mbeba taa, naye mwenyekiti akakimbia mbele kumfungulia mlango na kusema, "Pisheni, pisheni." Nilihesabu hatua thelathini na mbili hadi kwenye ua wa nyuma. Akausogeza mkono kwenye majani, akasubiri. Adui akashika tawi, akaenda zake bila kuaga.

Mwenyekiti alirudi mbele yetu akakuna kichwa.

"Miaka ishirini nashika moto," alisema. "Kila mara niliangalia unakokwenda. Anayeukimbia sikuwahi kumwangalia. Nani ana fyekeo nyumbani?"

Mikono kumi na saba ikanyooshwa.

Nikalifuata gari la wakala na orodha ya mahudhurio ili itiwe sahihi. Nilimkuta Bi Vipeperushi kiti cha mbele, kikombe cha chai ameshikiwa na dereva.

"Nilisema nini mle ndani?" alimwuliza.

"Yote, bosi. Mpaka namba ya simu."

"Sikumbuki hata neno."

Basi na ijulikane kwa walio karibu na walio mbali, na wajukuu wakiuliza waambiwe, kwamba kiangazi kile kilipita kwetu bila moshi, na wazazi wa chekechea walianika nguo zikakauka nyeupe. Na kwamba ushindi huo uliletwa na mwanamke aliyekibeba mwilini mwake kile alichokiogopa kuliko vyote, hatua thelathini na mbili, akakiweka salama juani, akanywa chai yake nusu kikombe, kisha akarudi ukumbini kutusaidia kuinua viti.