Gereji ya Bi Ardis Iliyolala

Hii hutaamini, lakini ilitokea hapa hapa Duluth, tena mchana kweupe!

Lyle Haugen alikuwa anapita mtaani na pikapu yake, mfukoni ana akiba yake ya mwisho, kichwani ana Florida. Lazima afike huko kabla theluji haijaanguka. Mara akaona gereji iko wazi, mama mtu mzima kachuchumaa, kaweka chungwa sakafuni. Chungwa likabingirika lenyewe hadi barabarani.

Lyle akafunga breki. Riziki hiyo!

"Pole sana mama," akasema kwa sauti ya msibani. "Gereji yako imelala."

"Imelala?" Bi Ardis, mjane, akashika kifua.

"Imeinamia barabarani. Ukitandika humu vile vibao vigumu vya sakafu, vya plastiki, vinavyobanana, asubuhi unavikuta kwa jirani! Kwanza imwagwe saruji laini ya kusawazisha. Nipe nusu ya malipo, Jumatatu naanza."

Jumatatu, bila shaka, angekuwa anaota jua Florida.

"Ole wetu! Na za majirani zangu sita zimelala hivyo hivyo. Wote watataka. Ila watu wa huku, mwanangu, hawatoi senti mpaka waone."

Sita! Mate yakamjaa Lyle. Jioni ile ile, majirani wamekaa kwenye viti vya kukunja mbele ya gereji, sahani za viazi na nyama mapajani, akasimama akatangaza: "Ya Bi Ardis ni sampuli, bure kabisa! Mkiridhika, mnanipa nusu ya malipo yenu siku hiyo hiyo."

Akiba yote ikaishia dukani, kwa saruji na vibao. Siku nne nzima tapeli akafanya kazi halali, mgongo unamlilia. Na kulipua kazi hakulipui, maana Bi Ardis yuko pale na birika la kahawa.

"Mwanangu, hujaacha upenyo pale ukutani? Joto likija si vibao vitatutumka?"

"Nitaacha, mama."

"Na hicho kiungo cha vibao mbona kinachungulia?"

Akabandua safu nzima, akaanza upya.

Siku ya tano majirani wakaja. Lyle yuko tayari, kalamu mkononi.

"Imekaa sawa kweli," akasema Verlyn, jirani wa ng'ambo. "Ila sisi tunaegesha magari. Theluji ikiyeyuka chini ya gari, bila mteremko maji yatatokea wapi, jikoni?"

Wenzake wakatikisa vichwa kwa huzuni kubwa, huku wanatafuna.

"Bi Ardis!" Lyle akalia. "Na gari lako je?"

"Sina gari, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kutandika sakafu miaka thelathini, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia futi ya kupimia."

Akapiga mluzi. Majirani wakazunguka nyuma ya nyumba, wakarudi wanahema, wamebeba meza ya pool! Bi Ardis akaweka mpira mweusi katikati. Haukutikisika hata kidogo.

"Karibu mchezo wa kwanza," akamwambia Lyle, anapaka chaki kijiti cha kuchezea. "Ila hapa hatuchezi bure. Una nini?"

Lyle akapapasa mifuko. Funguo za pikapu, basi.

Ungekuwa wewe, ungeziweka mezani, au ungewasha gari ukajiendea?