Mjomba Wetu Anarudi Kila Siku

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Wiki ndiyo kwanza inaanza, mimi nimeshakwisha. Nimekuta insha za Kidato cha Tatu mezani kwangu, rundo lilelile la Ijumaa. Nilitegemea nini, kwamba zitajisahihisha zenyewe? Nikasoma ya kwanza. Kiingereza chake kinatembea kwa magongo. Ya pili, magongo yamevunjika. Nikafunika rundo kwa gazeti, nikaenda kunywa chai.

Chai haikushuka. Mwalimu Mkuu akaingia ofisini na kutangaza kwamba Ijumaa anakuja mkaguzi, na shida yake ni moja tu: uandishi wa Kiingereza. Atatoa mada, wanafunzi wataandika mbele yake. Yatapimwa madarasa mawili ya Kidato cha Tatu, langu na la Bi Tabasamu. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wataonekana hawasogei ataliacha darasa lake na kuhamia Kidato cha Kwanza cha mchana.

Kidato cha Kwanza cha mchana! Watoto themanini na ushee, chumba kimoja, na jirani yao ukutani ni karakana ya mabati. Aliyekuwa anafundisha huko aliomba ruhusa ya kwenda kupima shinikizo la damu. Mpaka leo anapima.

Bi Tabasamu ni mwalimu mpya. Jina nimempa mimi, kwa sababu anatabasamu hata akipangiwa zamu ya lango. Akanifuata, eti tutasaidiana, kaka. Kaka! Nina mvi za kutosha kuitwa baba mkubwa. Mbinu yake naijua: anawaandikisha wanafunzi nusu ukurasa kila siku, juu ya mambo yao wenyewe. Nimemwambia mke wangu huo ni upuuzi, nani ana muda wa kuandika kila siku? Mke wangu akaitazama shajara hii mkononi mwangu. Akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Wanafunzi wasahihishane! Wao wanajifunza, mimi napumzika, jiwe moja ndege wawili. Nikawagawia kalamu nyekundu, nikawaambia wabadilishane madaftari, nikakaa na kufumba macho ili niwaze vizuri.

Nimeamshwa na kelele. Marafiki wamepeana kumi juu ya kumi bila kusoma. Maadui wamepeana sifuri, pia bila kusoma. Wasichana wawili waliogombana tangu muhula uliopita wamechorana wino mwekundu mashavuni. Kiranja wa darasa, kijana mwaminifu mno, amemsahihisha mwenzake hata jina la baba yake mzazi.

Mwalimu Mkuu alikuwa anapita dirishani. Akauliza kama hili ni somo la Kiingereza au la huduma ya kwanza. Mpango umekufa. Nimerudi nyumbani na rundo lote, sasa lina makosa ya aina mbili, ya waandishi na ya wasahihishaji.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefanya upelelezi. Nimepita mara kadhaa nje ya darasa la Bi Tabasamu nikiwa nimeshika kipande cha chaki, nionekane nina safari. Ndani kimya. Wote wanaandika. Na yeye anaandika! Kisha akasimama, akawasomea alichoandika. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akasema sentensi ya mwisho ni ndefu, imemchosha. Mwalimu akamshukuru. Akamshukuru! Leo wanakosoa sentensi, kesho watakosoa viatu vyako.

Wakati wa mapumziko nikachomoa daftari moja kwenye meza yake. Ukurasa mzima kasahihisha kosa la aina moja tu. Chini kaandika swali: kaka yako alijibu nini baada ya hapo? Basi! Hakuna maksi, hakuna mistari. Uvivu ulioje! Mimi nikiamua kusahihisha, ukurasa unaonekana umechinjiwa kuku. Nikiamua.

Akanikuta nalo mkononi. Nikasema natafuta rula yangu. Akanipa yake, akatabasamu. Mtu wa namna hii unamchukiaje? Inataka nguvu, na mimi nguvu sina.

Lakini mchana, kipindi cha tano, nimepata wazo. Kwa nini watoto wote hawa wabuni kila mmoja makosa yake mapya? Insha iwe moja, safi, niiandike mimi. Waikariri. Mkaguzi atoe mada yoyote, wao wataipitishia mlango uleule. Ujanja kupata!

Nimeiandika kwa mkao mmoja. Mjomba anarudi kutoka ng'ambo baada ya miaka mingi. Gari lake linanasa kwenye tope mbele ya nyumba. Mtaa mzima unasukuma. Bibi anacheka mpaka jino linamtoka. Mjomba analiokota, watu wanalia kwa furaha, jua linazama, funzo linafuata. Kwenye sentensi ya kwanza nimeacha nafasi, nikaandika: mada hapa. Jino, nasema bila kujisifu, ni kipaji.

Mke wangu, ambaye ni muuguzi na ameona meno mengi, alisoma akauliza kwa nini katika insha nzima hakuna mtu hata mmoja anayefanana na mtu. Akaongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia mjomba si uongo, ni mfano.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji yangu ana duka la fotokopi. Amenitolea nakala huku analalamika kwamba mashine inatafuna karatasi kuliko mbuzi. Kila nakala ina mstari mweusi katikati, umepita juu ya Bibi. Hainidhuru.

Darasa limekariri asubuhi nzima, wengine wamekaa, wengine wanazunguka uwanjani macho juu. Hadi kengele ya kutoka, wote wanaimwaga bila kukwama. Kiranja akifika kwenye jino anapaza sauti kwa huzuni. Sijawahi kufundisha vizuri namna hii, na sikusimama hata mara moja.

Mmoja tu ananiharibia. Msichana wa dawati la mbele, ninamwita Kwanini, maana ndilo neno lake la asubuhi na jioni. Akasema yeye hana mjomba wa ng'ambo. Mjomba wake anauza viatu vya mitumba na huja Jumapili kwa miguu. Nikamwambia aazime wa kwetu. Akauliza kwa nini kuna tope na jua linawaka. Akauliza kwa nini hakuna aliyempeleka Bibi hospitali. Nikamwambia hii ni insha, si mahakama. Akauliza kama anaweza kuandika ya kwake. Nikamwambia afanye apendavyo, ila asiniaibishe.

Alipokuwa anatoka akauliza tena, kwa adabu, kama nimeshasoma zile alizonipa muhula uliopita. Nikamjibu niko njiani. Sikumtazama.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kilio.

Mkaguzi ni mzee mpole, miwani imening'inia kwa uzi, anaongea taratibu. Hao ndio wabaya. Akachukua chaki, akaandika mada ubaoni: mtu ninayemwona kila siku.

Mjomba wetu anarudi baada ya miaka mingi. Kila siku? Nikakohoa kumwashiria kiranja asitishe. Kiranja akaelewa ninasema aongeze bidii. Akaitikia kwa kichwa, akainama na kuandika. Wote wakainama. Kalamu zikalia pamoja kama mvua kwenye bati.

Tukaketi ofisini kwa Mwalimu Mkuu: mkaguzi, Mwalimu Mkuu, Bi Tabasamu na mimi. Kwanza zikasomwa za wanafunzi wake. Mmoja kaandika juu ya jirani anayeogopa paka, mwingine juu ya mama yake anavyohesabu watoto wakati wa kulala ilhali wako wawili tu. Kiingereza chao kina makosa, sikatai, lakini mtu unataka kusikia kinachofuata. Mimi mwenyewe nilitaka. Nilijikuta nauliza yule paka alikwenda wapi.

Kisha zangu. Kila siku ninamwona mjomba wangu. Kila siku anarudi kutoka ng'ambo baada ya miaka mingi. Kila siku gari linanasa kwenye tope. Kila siku Bibi anacheka mpaka jino linamtoka. Mkaguzi akachukua ya pili. Mjomba, tope, jino. Ya tatu, jino. Mmoja wa nyuma kaandika kwamba kila siku anamwona Mada Hapa, na ni mtu mwema sana.

Mkaguzi akavua miwani. Akamuuliza Mwalimu Mkuu, kwa upole uleule, kama barabara ya mtaa huu haiwezi kutengenezwa, na Bibi huyu alizaliwa na meno mangapi. Mwalimu Mkuu hakucheka. Bi Tabasamu akaangalia chini, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. Nikamshukuru moyoni. Nilikuwa nimeshaanza kusikia nyundo za karakana ya mabati.

Ikabaki karatasi moja. Ya Kwanini. Mkaguzi akaisoma kwa sauti.

Alisema mtu anayemwona kila siku ni mwalimu wake wa Kiingereza. Anaingia amekumbatia madaftari kama aliyeachiwa mtoto wa watu: anaogopa kumwangusha, na anatamani mwenyewe aje amchukue. Mfuko wa shati lake una doa la wino. Anakaa, anafungua daftari, anashusha pumzi, analifunga. Mara moja tu alisoma insha ya mwandishi huyu mpaka mwisho. Ilikuwa juu ya baba yake anavyonyoa ndevu bila kioo. Mwalimu alicheka peke yake pale mezani, na siku hiyo binti alirudi nyumbani akijiona mrefu. Akaandika nyingine, na nyingine tena. Ziko chini ya rundo. Kila siku binti analitazama rundo. Mwalimu wetu amechoka, akamalizia, lakini nadhani bado anajua kusoma.

Niliona haya, haya za kweli, mpaka masikio yakawaka moto. Naikumbuka ile insha. Baba alibakiza upande mmoja akaenda nao kazini. Nilicheka kweli.

Mkaguzi akasema hapa pana makosa mengi, ila pana mtu anayeongea na mtu. Kwa ajili ya karatasi hii moja ataniachia darasa hadi mwisho wa muhula. Akirudi anataka kuwakuta wote wanaandika kama huyu. Akarudia: kama huyu. Nikamshika mkono kwa mikono miwili, nusura nimwite baba.

Mlangoni nikakutana na Kwanini. Akauliza kama amefaulu. Nikamwambia amejitahidi. Nilikuwa na maneno mengine zaidi, lakini nikatazama saa, nikaondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala mpaka saa tano. Mke wangu, nilipomsimulia, alicheka sana penye jino na akaacha kucheka penye rundo. Akasema yule binti amenipa dawa bure, kilichobaki ni kuinywa. Nikamwambia nimebadilika. Akasema vizuri, basi nianze na zile insha, si ziko hapo?

Nikaondoa gazeti. Nikafuta vumbi. Nikaziona za Kwanini, kamba ya sweta imezifunga pamoja ili zisipotee. Nikafungua ya juu. Mara shemeji akaja kuulizia karatasi zake nilizobaki nazo, nikafunika. Baada ya kuondoka, nikawa nimechoka.

Lakini kichwa hakikulala. Maneno ya mkaguzi yananizunguka. Wote. Kama huyu.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui kwa nini sikuliona jambo hili mapema! Nimepitia kwa shemeji kabla ya kengele, rundo kwapani. Mstari mweusi bado upo. Nimeinyoosha kidogo insha ya Kwanini, nikaondoa makosa, nikapunguza lile la kujua kusoma, nikamwongezea mwalimu suti. Kila mwanafunzi kapata nakala. Mjomba nimemzika rasmi. Mkaguzi akirudi atawakuta wote wanaandika kama huyu, neno kwa neno.

Bi Tabasamu alichukua nakala moja, akaisoma amesimama. Alinitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyetema dawa. Ninajua macho hayo, ninayo nyumbani. Wivu tu.

Kwanini alinyoosha mkono. Nilikuwa tayari kwa swali lake, lakini hakuuliza kitu. Alikuja mbele, akaniwekea mezani daftari jipya, akasema kwamba kwa vile sasa nimeanza kusoma, amejaza lote Jumamosi na Jumapili. Nikamsifu mbele ya wenzake. Nikaliweka chini ya rundo, mahali salama. Kesho nitalisoma, nikipata nafasi.

Kisha nikawaamuru waanze. Darasa zima, kwa sauti moja, kiranja akiongoza: mwalimu wetu amechoka, mwalimu wetu amechoka. Kwanini peke yake alikaa kimya akilitazama rundo. Wengine walikariri vizuri mno, wakashika mahadhi kabisa. Nikasinzia.