Mtaalamu wa Kilimo Hai Kutoka Sinza

Jamani, leo nimejiaibisha mbele za watu, tena huku natabasamu.

Naandika nikiwa kitandani. Mdomo nimeusugua kwa ndimu mpaka unawaka moto, na bado sijaridhika. Kama uko mezani, maliza kwanza chakula chako ndipo usome. Nimeshaonya.

Nianze kwa wale ambao hawakunielewa siku nilipoaga humu kundini. Nilisema naenda nje ya nchi kujitolea. Mkapiga vigelegele. Wengine mkaniagiza manukato. (Zuhura, wewe uliagiza viatu, na saizi ukanitajia.) Sasa, nje ya nchi ni nje ya nchi. Kakamega iko Kenya, Kenya iko nje ya nchi, na pasipoti imegongwa muhuri. Nipo kwenye shamba dogo upande wa Lurambi, kwa mama mmoja anaitwa Mama Khayesi na mumewe, Mzee Ambani. Hawatumii mbolea wala dawa ya dukani. Mimi natoa nguvu zangu, wao wananipa kitanda na chakula. Na chakula cha huku, mwacheni Mungu aitwe Mungu! Ugali wao, obusuma, unasimama kwenye sahani kama umejengwa na fundi.

Kilimo pekee nilichowahi kufanya kabla ya hapa ni kumwagilia ua la mwenye nyumba wangu Sinza. Likafa. Lakini picha zangu za huku si mmeziona? Jembe begani, kofia ya majani, macho yanatazama mbali. (Jembe lile niliazima kwa ajili ya picha. Mama Khayesi alikuwa amesimama pembeni analisubiri aendelee kulima.) Mkaanza kuniita mtaalamu, na mimi nikaitika. Juzi Juma kaniuliza kuhusu viwavi kwenye mchicha wake, nikamwandikia ujumbe mrefu kama hotuba ya bajeti. Juma, naomba usifanye chochote nilichokwambia.

Tuje kwenye leo.

Shamba hili zamani lote lilikuwa miwa. Mama Khayesi alimwomba mumewe kipande kimoja, wakang'oa miwa, akapanda mboga za kienyeji: mrenda, saga, mitoo, kunde. Mboga zimestawi, ila wateja ndiyo hamna. Sokoni watu wanaona tundu la mdudu kwenye jani, wanapita kama hawajamwona mwenye mboga. Na Mzee Ambani alishasema, mboga zisipopata mnunuzi msimu huu, miwa inarudi. Hagombi. Anasema kwa upole tu, kila tukikaa kula, huku anatazama dirishani. "Hapo miwa itakaa vizuri sana." Mama Khayesi anainama na kuendelea kumega ugali.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Akina mama wa kikundi kimoja mjini, mtaa wa Amalemba, wanatafuta mboga zisizo na kemikali, waletewe nyumbani kila wiki. Walitaka kwanza waje kuona shamba kwa macho yao. Mama Khayesi alianza kufagia kabla jogoo hajawika. Kafagia uwanja, kafagia njia ya wageni, kafagia mpaka njia ya ng'ombe.

Na mimi ndiyo leo nimeamka na mafua. Mvua ya huku ina ratiba kama mtumishi wa serikali, ikifika mchana imeingia kazini. Jana ilinikuta katikati ya shamba napiga picha. (Ndiyo. Picha.) Basi leo pua zote zimeziba. Uji wa asubuhi niliutambua kwa rangi.

Muda mfupi kabla wageni hawajafika, Mama Khayesi akanijia mbio, mikono ina manyoya ya kuku.

"Dada, mimi niko na kazi ya kuku. Utawatembeza wewe, Kiswahili yako ni tamu. Ile ya kupiga nimeweka kwa chupa, hapo nje kwa meza."

"Sawa Mama, usijali," nikasema.

Sasa nawaombeni mnihukumu kwa haki. Kwetu tunapiga supu. Tunapiga chai. Tunapiga juisi. Mtu akikwambia "ya kupiga" iko kwenye chupa, ukaenda mezani ukaikuta chupa kubwa ya kioo, imeoshwa inang'aa, ndani kuna kitu cha rangi ya chai ya mchaichai, na vikombe vimepangwa pembeni, wewe ungeelewa nini? Haya.

Wageni wakafika. Mbele yao Mwalimu Jesika, mwalimu mstaafu, sketi nyeupe imepigwa pasi mpaka unaogopa kuisogelea. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Mzuri sana," akajibu. (Shikamoo yangu huku inapata kila jibu isipokuwa marahaba.)

Nikawatembeza. Jamani, nilivyoongea! Nilieleza udongo kama niliuumba mimi. Nikawaonyesha majani yenye matundu nikasema, "Mdudu akila jani, ujue ni salama hata kwako." Wakatikisa vichwa. Nikanogewa. Mmoja wao, Mama Brenda, mwanamke wa maswali, akauliza, "Sasa kama hamuwekangi dawa, mnafukuzanga wadudu na nini?"

Swali nililokuwa nalisubiri! Nikawapeleka kwenye banda la sungura. Nikawaonyesha mtungi wa njano chini ya banda.

"Mkojo wa sungura," nikasema, kwa sauti ya mtu wa redioni. "Tunaukinga hapa, tunauchanganya na maji mengi, tunapulizia kwenye mboga. Harufu yake ni kali mno, wadudu wanahama wenyewe."

"Wooi, mkojo!" Mama Brenda akashika mdomo.

"Msiogope. Hauna madhara yoyote kwa binadamu." (Maneno haya, kwa mdomo huu huu.)

Nikawarudisha uwanjani, nikawakalisha kwenye viti. Mimi nimelelewa, mgeni hakai mdomo mkavu. Nikachukua ile chupa, nikajaza vikombe. Cha kwanza nikampa Mwalimu Jesika kwa mikono miwili.

Mwalimu akakipeleka kikombe mdomoni. Kikafika karibu na pua, kikasimama. Kikarudi chini polepole. Akamtazama Mama Brenda. Mama Brenda naye alikuwa anakitazama kikombe chake kama kimemtukana. Hakuna aliyekunywa.

Nikasema moyoni: aha, watu wa mjini. Wamezoea soda.

"Karibuni, msione aibu," nikawahimiza. "Tunatengeneza wenyewe hapa hapa shambani."

"Mnatengeneza wenyewe?" Mwalimu akauliza.

"Kabisa. Haijaongezwa kitu."

"Na mnakunywanga?"

"Kila siku! Inasaidia tumbo. Na ngozi."

Mama mmoja wa nyuma akasogeza kiti chake mbali kidogo. Mwalimu Jesika akavuta pumzi, akaniambia kwa ule upole wa mwalimu anayejua jibu lako ni la uongo, "Basi anza wewe, mwanangu."

Nikaanza.

Sikunusa kitu. Nilisikia chumvi kidogo na moto fulani kooni, nikadhani ni tangawizi. Nikameza. Nikasema, "Aaah!" Nikafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kama wale wa kwenye matangazo. Na kwa kuwa walikuwa wamenikodolea macho wote, nikapiga funda la pili, kubwa zaidi, nikawaeleza, "Ina ukali kidogo mwishoni. Ndiyo uzuri wake."

Nikachukua la tatu.

Hapo ndipo Mama Khayesi akatokea jikoni na jagi kubwa la chai ya mchaichai. Akaona vikombe. Akaona chupa. Akasimama.

"Dada. Hiyo kikombe umeweka nini?"

Mdomo umejaa, nikamwonyesha chupa kwa kidole.

"Hiyo ni ya kupiga!"

Nikatikisa kichwa: ndiyo, si ndiyo naipiga?

"Ya kupiga mboga! Na pampu! Ni ya sungura hiyo! Nilichuja safi ndio wageni waone vile tunachanganyanga na maji!"

Sikieni. Tukipulizia mboga tunaweka kidogo kwenye ndoo nzima ya maji. Mimi nilikunywa kavu.

Funda la tatu halikuaga. Lilitoka lenyewe, kwa kasi, na halikuwa na pa kwenda isipokuwa mbele, na mbele palikuwa na sketi nyeupe.

Nikakimbia. Nikagonga kiti, nikaruka kuku, nikaenda kuinama kwenye migomba. Sitaeleza ya kwenye migomba. Nyuma yangu nasikia Mama Brenda anapiga kelele, "Mpelekeni hospitali! Iteni boda!" Mwingine anasema, "Mpeni maziwa!" Mzee Ambani akatokea zizini na kikombe cha maziwa, akanishikia mabega nikanywa.

Nilipoinua kichwa nikamwona Mama Khayesi. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, uso ameufunika kwa leso. Nikadhani anacheka. Mabega yalikuwa yanatikisika. Halafu nikasikia sauti, nikajua hacheki, analia. Mboga zake zote zile, kufagia kote kule, kuku amechinjwa, na mimi mtaalamu nimewapa wageni wake mkojo na kuutemea mmoja wao. Na Mzee naye, kikombe mkononi, anatazama kile kipande cha mboga. Yale macho nayajua. Alikuwa anapanda miwa.

Nilitamani nirudi mpakani kwa miguu.

Nikaenda mbele ya Mwalimu Jesika. "Mwalimu, nisamehe. Kosa ni langu, si la Mama. Mboga zake ni safi. Mimi ndiye sijui kitu. Hata jembe huwa naazima la picha."

Mwalimu alikuwa anafuta sketi kwa kitambaa. Akamgeukia Mama Khayesi.

"Ndani ya ile chupa hakuna kitu ingine? Dawa ya duka, hata kidogo?"

"Mwalimu, naapa. Ni sungura peke yake."

"Na sungura wanakulanga nini?"

"Majani. Majani ya hapa tu."

Mwalimu akanirudia, akanipima kutoka kichwani mpaka miguuni. "Unasikiaje?"

Nikajikagua. "Aibu," nikasema. "Na njaa." (Ni kweli. Tumbo lilikuwa tupu kabisa.)

Mwalimu akatazama chini. Nikaona mdomo wake unacheza. Kisha akapasuka, akacheka mpaka akakaa, wenzake nao wakamfuata, kiti kimoja kikaanguka na mwenyewe. Alipopata pumzi akasema, "Shamba ile nilikuwa nanunua mboga, kijana anayepiga dawa anafunganga uso yote, anabaki macho. Huyu hapa amekunywa dawa yenyewe, na anaulizia chakula. Mimi sina swali ingine. Mama Khayesi, niandikie mrenda na saga, kila wiki."

"Na mimi kunde," Mama Brenda akadakia. "Lakini mtaosha vizuri!"

Mama Khayesi akainuka hajui acheke au alie, akafanya yote mawili, akanikumbatia mpaka nikakohoa. Kisha akakumbuka natoka kwenye migomba, akaniachia haraka.

Tukasubiri Mzee Ambani aseme kitu. Akakitazama kile kipande cha mboga, akakohoa. "Basi miwa ingoje kwanza," akasema. Akanigeukia, mara ya kwanza naona meno yake. "Lakini wewe usikunywe tena. Hiyo ingetosha saga yote."

Wakakaa wakala kuku. Mimi nikakaa mbali kidogo, kwa heshima ya wenye pua. Kabla ya kuondoka wakaomba picha ya pamoja, na wakasisitiza nishike chupa. Nikashika. Ningekataaje?

Jioni nimeenda dukani kununua ndimu, na mwenye duka, ambaye sijawahi kumwona maishani mwangu, akanipa kwa mkono ulionyooka na kuniuliza, "Ni wewe ule wa sungura?" Nikamwambia hapana. Akanionyesha picha kwenye simu yake.

Nilichojifunza leo ni kwamba mtu aliyezibwa pua na mafua asijitie kukaribisha wageni. Naomba msicheke. Kama lazima mcheke, basi chekeni, kisha mfute ujumbe huu. Na aliyemwingiza mama yangu kwenye hili kundi, tutaonana nikirudi.