Saa ya Namba Nyekundu

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimepata saa ya kumi na moja. Dijitali, ya zamani, kamba imekatika, lakini namba zinasomeka. Nimeichomoa kwenye rundo la mitumba sokoni. Ludovick wa masjala anazo kumi na mbili, na tangu asubuhi anapita mezani kwangu kuninyooshea mkono. Eti ananisalimia. Mke wangu Devota anasema hajawahi kuona mtu mwenye saa nyingi hivi anayechelewa kazini kila siku. Hajui mambo ya ukusanyaji.

Jumanne, 7 Juni
Chamwino. Mzee Mazengo anayo ya namba nyekundu! Unabonyeza kitufe, zinawaka kama makaa. Nikampa shikamoo mara mbili. Hauzi. Ameifungia kwenye kopo kwa sababu ni mwongo: jua linachomoza saa kumi na mbili, yenyewe inaandika sita. Atakayewahi kumletea inayosema kweli, watabadilishana. Jumamosi saa mbili asubuhi anaondoka kwenda Kondoa kwa binti yake. Kumbe Ludovick naye ameshafika na kuambiwa hayohayo. Nani kamwelekeza? Mimi. Jana kantini nilijisahau, nikataja tetesi za saa hii.

Alhamisi, 9 Juni
Akili ni mali. Nimechukua saa nzuri kuliko zote, nikaipunguzia masaa sita. Sasa saa moja asubuhi inaandika moja, kama anavyotaka mzee. Kwa furaha nikazipunguzia zote. Devota ameuliza nitajuaje zipi ni za kwetu na zipi za Wazungu. Nikamwambia hii ni sayansi.

Ijumaa, 10 Juni
Nimetega kengele zote kumi na moja zilie saa kumi na moja alfajiri. Kuna AM na PM. AM ni asubuhi, kila mtu anajua. Namwonea huruma Ludovick, anategemea jogoo wa jirani.

Jumamosi, 11 Juni
Nimeamshwa na jua. Saa tatu. Kengele kimya. Nimefika Chamwino nikihema, nimekuta kufuli. Jirani, Mama Priska, anasema Ludovick alikuwa pale kabla hata hawajawasha moto. Nimerudi nyumbani, nimekaa na uchungu wangu. Saa kumi na moja jioni zikalia zote kwa pamoja. Devota alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ukipunguza masaa sita, alfajiri inageuka PM. Nani angejua?

Jumapili, 12 Juni
Ludovick amekuja baada ya ibada. Ile nyekundu imezimika akiwa njiani kurudi, na betri zake hazipo Dodoma nzima. Lakini kwa kuwa sisi ni marafiki, ataniachia kwa zangu kumi na moja. Devota akakohoa. Sikumtazama. Nimekimbilia ndani kuleta mfuko kabla jamaa hajabadili mawazo.

Nimeivaa. Haiwaki. Ludovick sasa ana saa ishirini na mbili za kawaida tu. Nimemtazama akiondoka na mfuko wake, anapiga mluzi, masikini. Hajui alichopoteza.