Chatu Katika Mkahawa wa Mama Zamoyoni

Jumatatu, 5 Agosti 1935. Shinyanga.

Daftari langu, niwie radhi. Nilikuacha mwanangu Zamoyoni hana jino, leo anauma. Mkono mmoja unaandika, mwingine unambembeleza. Usingizi nimeusahau hata sura.

Nimepigwa na butwaa. Mtu kashuka treni ya Tabora na salamu za mama mkwe: anakuja Jumapili kuutazama mkahawa. Akikuta watu, nibaki. Akikuta viti vitupu, nifungashe, mimi na mtoto, tukakae kwake mpaka Hatibu wangu atakapochoka kuchimba dhahabu huko Rwamgasa. Mama mkwe ni mtu mwema. Ila ana jiko moja na wake wa wanawe watatu tayari wanaligombania. Siendi.

Viti vitupu ndivyo nilivyonavyo. Watu wote wako ng'ambo ya barabara kwa Mwanaidi, tangu alete fundi wa mapambo, Pantaleo, mwenye suruali na futi ya kupimia. Kuta za buluu. Mapazia. Vioo. Mwanaidi aliniuliza sokoni kama kwangu bado tunapaka moshi. Nilicheka. Nyumbani nikalia kidogo, nikanyonyesha.

Jumanne, 6 Agosti.

Nina mpango. Kuna Limi, msichana anayeniletea maziwa kutoka kijijini kwao. Nilimuuliza, kama mtu asiyejali, ni nani huko anayepamba ndani ya nyumba kuliko wote. Hakufikiri hata kidogo: Mihayo. Watu hutoka mbali kwa ajili ya kuta zake. Nikamwambia aje kesho, na asijue mtu. Limi akataka kuongeza neno. Nikamkatiza. Mwanaidi alikuwa mlangoni kwake, masikio kama ya sungura.

Jumatano, 7 Agosti.

Mihayo amefika na vibuyu vyake: chokaa, udongo mwekundu, masizi. Mtu mzima. Kabla sijampa shikamoo akaniinamia yeye, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kwa Kisukuma chao. Nikaona, huyu ana adabu.

Asubuhi nzima alikaa sakafuni katikati ya chumba bila kugusa kitu. Nilidhani amelala. Kisha akaitoa nje meza yangu nzuri. Akalitoa na kabati. Eti ukuta unataka nafasi ya kusema. Nikasema nataka mawaridi. Akauliza waridi linamfundisha nini mtu.

Akauliza mkuu wa nyumba ni nani. Nikasema mimi. Akanitazama upya. Watakusanyika humu watu wa mbali? Wengi, nikasema, hata wa kutoka Geita. Uongo, lakini wa matumaini. Na kazi yenyewe, naijua? Nikasema tangu utotoni. Kuchemsha chai, kazi gani nyingine? Toka hapo ananiita mwalimu. Pantaleo hamwiti Mwanaidi hata bibi.

Ujira wake beberu mmoja. Tumepatana.

Ijumaa, 9 Agosti.

Hataki niingie mpaka amalize. Nimetundika kanga mlangoni. Mwanaidi anapita huku na huku kama mtu aliyepoteza kuku. Limi naye alitaka kuchungulia, nikamzuia. Akasema, "Mama Zamoyoni, huyu Mihayo unajua nyumba anazopamba ni za..." Nikamwambia ataona kesho kama wengine.

Jumamosi, 10 Agosti.

Kanga imeshuka.

Nyoka. Kuta zote nyoka. Chatu mweupe kazunguka chumba kizima, kichwa kiko juu ya mlango. Nyoka wekundu, nyoka weusi, nge, mwezi, na mtu aliyejivika nyoka shingoni kama skafu. Kazi ni nzuri, sitasema uongo. Ukitembea, chatu naye kama anatembea. Zamoyoni alipiga makofi.

Limi ndiye aliyenieleza, maziwa kichwani. Mihayo hupamba nyumba za Wayeye, wale wa chama cha kucheza na nyoka na kutibu walioumwa. Picha hizo ndizo masomo yao. Asiye wa chama haingii. "Nilitaka kukuambia, mama. Wewe una haraka kama moto wa nyasi."

Nikamwomba Mihayo afute. Akashtuka kuliko mimi. Keshapeleka habari kwa wenzake kwamba mjini kuna nyumba mpya, na mwalimu wake ni mwanamke anayenyonyesha. Wanakuja kesho.

Mwanaidi alichungulia. Kakimbia na kiatu kimoja.

Jumapili, 11 Agosti.

Wamekuja na vikapu. Vikapu vinatikisika.

Nilimfunga Zamoyoni mgongoni, nikasimama mlangoni. Nikawaambia kweli yote: mimi si mwalimu, ni muuza chai, nilidanganya kwa kutojua, na vikapu haviingii penye mtoto wangu.

Mihayo akafunika uso. Mkubwa wao, mzee Nkwabi, akacheka mpaka akaketi chini. Akasema picha bila mwalimu ni udongo tu, mtu yeyote aweza kukaa nao. Halafu akaniuliza, "Sasa, muuza chai, chai iko wapi?" Vikapu vikafungiwa bandani. Viti vyote vikajaa.

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea mlangoni. Akamtazama chatu. Akawatazama watu, ngozi zao na hirizi zao. Nikaanza moyoni kukunja nguo za mtoto. Akasema, "Nilisema nikikuta watu. Sikusema watu gani." Akanywa chai amesimama, maana kiti hakikuwapo, mgongo kaupa ukuta. Nibaki, amesema. Kisha akaninyang'anya Zamoyoni, akaniamuru nikalale. Nimelala mchana kweupe. Sijui niliamkaje.

Jumatatu, 12 Agosti.

Mama mkwe amerudi kwake na treni ya asubuhi. Siamini macho yangu: mji mzima unakuja kuchungulia nyoka, na anayechungulia anaona haya kutoka bila kunywa. Pantaleo mwenyewe kaja kumpima chatu kwa futi. Kwa Mwanaidi nzi tupu.

Nimewaza. Ikiwa mtu wa kijijini kaniletea watu hawa wote, fundi mvaa suruali ataniletea wangapi? Nimepatana na Pantaleo kwa siri. Anazipaka kuta zote buluu Jumatatu ijayo. Akaanza kuniuliza kama nina hakika kwamba watu hawaji kwa ajili ya... Nikamkatiza, chai ilikuwa inafurika. Mihayo hajui. Limi hajui. Mzee Nkwabi kaahidi kuja na wenzake siku hiyohiyo. Watafurahi kukuta pasafi.

Vya kuletwa na dada Zuwena kutoka Tabora, upesi:

Rangi ya buluu, makopo manne.
Vioo vitatu, vipana kuliko vya Mwanaidi.
Kitambaa cha mapazia, chenye maua.
Dawa ya fizi za mtoto.
Chokaa ya kufunikia picha, magunia mawili. Chatu ni mrefu.