Ng'ombe wa Ndani ya Miwani

Habari yenyewe ililetwa na redio ya Habib, ile iliyofungwa kwa lastiki juu ya kabati la nyuzi: huko mbali ughaibuni, mfugaji mmoja amewavalisha ng'ombe wake miwani ya kompyuta ili waone malisho mabichi hali wamesimama bandani, na anadai maziwa yameongezeka. Redio ikaenda kwenye matangazo. Barazani pa Habib, pale njia inapoteremka kutoka soko la Gisenyi kwenda mpakani, watu wakaacha kahawa ipoe.

"Kumudanganya ngombe!" Habib alipiga ukelele, mguu wake ukiganda juu ya pedali ya cherehani. Habib ni fundi nguo, lakini kwa kuwa kila ugomvi wa pale anauamua yeye, wanamwita Kadhi. "Mutu utamudanganya, ndiyo kazi ya dunia. Mais, lakini ngombe? Ngombe ilikukosea nini?"

"Ni dhambi," akasema Sibomana, dereva wa pikipiki, kutoka kwenye kona yake.

Sibomana huyo wanamwita Zizi, na jina hilo linamuuma kuliko anavyoonyesha. Miaka minane iliyopita alimbeba binti wa Mwalimu Rutagengwa, uchungu umemshika, kutoka Bugeshi hadi hospitali. Mvua ilikuwa inanyesha, mawe yanateleza, na ilibidi amfunge mgonjwa mgongoni pake kwa kitenge. Mtoto alizaliwa salama. Rutagengwa akamkumbatia Sibomana mbele ya wauguzi, akasema, "Nitakugawia ng'ombe." Wiki hiyohiyo Sibomana akajenga zizi la mbao na mabati mapya. Mtoto yule sasa anasoma darasa la pili kule Nyundo, sare tatu za shule zimeshambana, na ndani ya zizi Mukamazimpaka, mkewe Sibomana, anaanika nguo.

Kudai hawezi. Ng'ombe wa ahadi hadaiwi, ni aibu. Na "nitakupa" si kitu mpaka mwenye ng'ombe aseme mbele za watu, "Nguhaye inka", yaani nimekupa ng'ombe. Hapo hata mfalme hakuwa na njia ya kurudi nyuma. Lakini Rutagengwa alikuwa hodari wa kubaki kwenye "nitakupa": mara ng'ombe ana mimba, mara ndama ni mchanga, mara masika, mara kiangazi.

Mwenyewe alikuwepo asubuhi hiyo, fimbo katikati ya magoti, mwalimu mstaafu aliyerudi kutoka ukimbizini Karagwe na Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Nyinyi mnatumia moyo mahali pa akili," alisema. "Ng'ombe ameona nini?"

"Uongo!" akajibu Habib.

"Ametoa nini?"

"Maziwa."

"Maziwa yale yakibandikwa jikoni, yanachemka?"

"Yanachemka," Habib akakiri shingo upande.

"Mtoto akinywa, anashiba?"

"Anashiba."

"Basi kesi nimeifunga. Alichokiona ni shauri la macho yake. Sisi tunahesabu kilichotoka."

Sibomana alijisikia kama mwanafunzi aliyechapwa mbele ya darasa.

Ndipo Derek alipoingia na begi. Derek amekulia Uganda, anafanya kazi kwenye hoteli moja kando ya ziwa, na hajawahi kupita mahali kimyakimya. "Banange! Munaongea hiyo kitu, na iko mu begi yangu!"

Akaitoa: dude jeupe mfano wa barakoa ya mchomeleaji vyuma, lenye mkanda mpana wa kichwani. Hoteli imelinunua, akaeleza, ili wageni wapande volkeno wakiwa wamekaa kwenye kiti. Yeye ametumwa ajifunze kwanza.

Joanita, muuza kahawa, akatua chupa ya kahawa. "Ngoja, Derek. Mutu anatoka Ulaya, anapita na ndege juu ya volkeno, anafika hapa, volkeno inamuangalia. Na nyie munamufunga macho ndiyo aione?"

"Ya kweli inachosha, mama Joanita. Iko na matope."

Habib alikuwa ameshalinyakua, analigeuzageuza. "Waya iko wapi?"

"Haina waya. Haina kompyuta, haina simu. Yote iko mule ndani, Kadhi. Inakaa na betri masaa mbili."

"Kisha?"

"Inazima."

"Volkeno inazima? Ingekuwa ile ya kweli iko na akili hiyo, tungelala vizuri!"

Derek akamvalisha, akamwambia achore kwa mkono mstari wa kumzunguka pale sakafuni, kwani akiuvuka ataona ukuta umesimama mbele yake.

"Ata mu miwani munaweka barrière kama ya mpakani?" Joanita akacheka. "Waulize kama wanaomba kitambulisho."

Kwanza Habib alibana hewa kwa vidole viwili, maana ndivyo picha inavyochaguliwa, kwa ufundi ambao Derek alikiri hajauona hata kwa meneja. Mtu wa sindano hafundishwi kubana. Kisha akachuchumaa ghafla, mikono kichwani. "Samaki! Iko samaki kubwa kuliko kanisa ya Nyundo! Inanipita juu! Joanita, ondoka hapo!"

"Mi nakaanga sambusa zangu. Ipite tu."

Alipovuliwa, paji la uso lilikuwa na alama nyekundu na jasho linamtiririka hadi kidevuni. Wote wakasogea kusikia hukumu ya Kadhi.

"Bon. Iko muzuri, siwezi kudanganya. Ukigeuka, na dunia inageuka na wewe. Mais inabana pua kama koleo, inapika uso, na ukikaza macho ni kama unaangalia nyuma ya neti ya mbu."

"Joanita, we vaa," Derek akasema.

"Na hilo jasho yote? Kofia ya abiria ya Zizi inanitosha, ile mutaa muzima unavaa."

Rutagengwa alikuwa akitabasamu kwa dharau ya kielimu. "Nipe," akasema hatimaye, "niwaeleze kisayansi." Akavua miwani yake ya kusomea, maana haikuingia mle ndani. Derek akamchagulia picha ya malisho, ya ng'ombe vilevile, ili wamalize ubishi wa redio.

Rutagengwa akainuka polepole, akaipitisha fimbo mabegani na kuitundikia mikono, kama wachungaji wanavyosimama.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Hii ni Karagwe."

Derek akafungua mdomo kumrekebisha, Joanita akamkanyaga mguu. Pale barazani kila mtu alijua kwamba baba yake Mwalimu alikuwa na kundi kubwa kule Karagwe, na kwamba lilibaki hukohuko. Jinsi lilivyobaki, Rutagengwa hakuwahi kusimulia hadi mwisho. Akifika katikati huomba kahawa nyingine.

"Tazama pembe," alikuwa akisema. "Tazama yule anavyotembea, kama bibi harusi. Na wale kule kilimani! Na hawa nyuma yangu!" Kila alipogeuka alipata wengine. Sauti yake ilikuwa ya kijana.

Sibomana alimhurumia, kweli kabisa. Lakini hapohapo akaliona zizi lake, na soksi za watoto zilizoning'inia mahali pa kamba ya ng'ombe. Mdomo ukafunguka kabla hajauruhusu.

"Amashyo, Mwalimu!" Ndiyo salamu ya kumtakia mtu makundi ya mifugo.

"Amashyongore!" Rutagengwa akaitikia kwa nguvu. "Ni nani?"

"Ni mi, Sibomana. Wako wangapi, Mwalimu?"

"Mia mbili, na bado sijafika mwisho!"

"Na mi, Mwalimu?"

"Wewe?" Rutagengwa akacheka kicheko cha tajiri. "Wewe uliyembeba mwanangu kwenye mvua? Sibomana, mchukue yule mwekundu mwenye doa jeupe. Mbele ya watu hawa wote. Nguhaye inka!"

Sibomana alikuwa ameshasimama, mkono juu, anaapa kama inavyompasa mtu aliyegawiwa: "Yampaye inka, Rutagengwa! Amenipa ng'ombe, Rutagengwa! Yampaye inka!" Wanawake wawili waliokuwa wakipita na vikapu vya karoti wakasimama, na bila kuuliza jambo wakapiga makofi. Mwendesha pikipiki aliyekuwa akiteremka akapiga honi. Upande wa pili wa barabara kinyozi akatoka na mashine mkononi.

"Zizi amepata ngombe!"

"Nani amemupa?"

"Mwalimu!"

"Wallahi? Mwishowe?"

Rutagengwa akalivua dude. Alama nyekundu pajini, macho yamelowa. Akaliangalia baraza, cherehani, vikapu vya karoti, na mikono iliyokuwa bado inapiga makofi, na uso ukamshuka kidogo kidogo.

"Subirini," alisema. "Subirini kwanza. Ng'ombe niliyemtoa yumo humu." Akaligonga dude kwa ukucha. "Sibomana avae, akamchukue."

"Afanye haraka," Derek akasema, "betri inaisha."

Wakacheka, hata wale wa karoti. Sibomana hakucheka. Akaushusha mkono aliokuwa ameuinua kuapa. Akamsogelea Rutagengwa.

"Mwalimu, mi sikusoma sana. Naomba kuuliza tu. Mule ndani uliona nini?"

"Uongo! Picha tu."

"Na mu kinywa yako ilitoka nini?"

Hakuna aliyecheka sasa. Habib akaegemea cherehani yake kwa raha isiyofichika.

"Ulichoona ni shauri ya macho yako," Kadhi akatamka taratibu. "Sisi tunahesabu kilichotoka. Kesi ulifunga we mwenyewe, Mwalimu, kahawa ikiwa bado moto."

"Nilisema mwekundu mwenye doa jeupe! Ng'ombe wangu Gaju ni mwekundu mtupu!"

"Doa nitashona."

Rutagengwa akaketi. Alikaa muda mrefu akiichezea fimbo, mpaka wale wa karoti wakachoka wakaenda, na kinyozi akarudi kwa mteja wake aliyenyolewa nusu. Ndipo akazungumza.

"Sibomana. Mimi si bahili, ingawa najua mnavyosema nikiondoka. Baba yangu alikuwa akitoa ng'ombe kabla hajamaliza kibuyu cha maziwa, kwa sababu akigeuka nyuma, malisho bado yamejaa. Mimi ninao wawili tu. Nikitoa mmoja na kugeuka nyuma, namwona mmoja. Naogopa. Ndiyo hiyo tu, naogopa."

Sibomana alitaka kumwambia aache, basi, yameisha. Alitaka kweli. Lakini mdomo uliokuwa hodari dakika chache zilizopita ukakataa kabisa kufunguka, na yeye hakuulazimisha.

"Jumamosi njoo Bugeshi," Rutagengwa akasema. "Njoo na kamba. Na mkeo aondoe nguo zake mle zizini."

"Asante, Mwalimu." Akampa mikono miwili. "Asante sana."

Joanita akawamiminia wote kahawa bila kuulizwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Derek alikuwa anafuta jasho la watu kwenye dude kwa pindo la shati, anataka kulirudisha begini.

"Derek," Rutagengwa akamwita. "Jumamosi niazime hiyo."

"Jumamosi? Hapana, ssebo! Jumamosi iko wageni kumi na mbili wa volkeno!"

"Waambie wainue vichwa." Fimbo ya Mwalimu ikanyooka kuelekea kaskazini, juu ya mabati ya soko. "Ile pale. Mimi Jumamosi, Sibomana akianza kumteremsha Gaju, nitakuwa nimesimama mlangoni pangu. Nataka nikigeuka nyuma, malisho yawe yamejaa."

Derek akamtazama Habib, Habib akatazama kitambaa chake. Derek akalitia dude begini, akafunga zipu hadi mwisho.

"Nitaichaji ijae," akasema.