Disketi Mbili, Kopo Moja

Jumatatu, 7 Septemba 1998. Shinyanga.

Vipul anaondoka Jumamosi. Anahamia Uingereza kwa kaka yake, moja kwa moja. Kaniambia leo dukani kwa baba yake, mbele ya kompyuta yao tuliyokulia sisi wawili. Nikasema vizuri, safari njema. Nina huzuni sana.

Lakini kazi ni kazi. Ile nyongeza ya mchezo wetu wa risasi, zile hatua za ziada alizotuletea kaka yake tukiwa shule, disketi yake iliota kuvu masika. Tangu hapo kila mmoja anaijenga upya kwa kumbukumbu, kwa programu ya kuchorea ramani. Vipul atabeba iliyo bora, maana huko wapenzi wa mchezo hubadilishana kazi kama hizi. Sneha, dada yake, ataamua Ijumaa. Lazima iwe yangu. Wazungu wajue kuna Evance.

Jumanne, 8 Septemba

Vipul alipokwenda kunywa chai nilicheza ya kwake. Ni nzuri. Inauma kuandika hivyo. Milango inafunguka palepale tulipokuwa tunafia zamani. Kwangu mahandaki yametoka kama mashimo ya wachimbaji wa Geita, na mlango mmoja haufunguki kabisa. Chumba chake cha mwisho sikukifikia, alirudi mapema.

Jumatano, 9 Septemba

Mpango umepatikana. Baba yao ametufutisha ramani zote tulizochora, kompyuta ipate nafasi ya mambo ya duka. Kwa hiyo kazi zetu sasa zimo kwenye disketi peke yake. Nikamwambia Vipul vumbi la dukani litaiua ya kwake, anipe nimtunzie. Ijumaa nitasema sijui nimeiweka wapi. Akanipa bila swali, kaifunga kwenye leso safi. Niliona aibu mpaka kona ya msikiti, kisha ikapita.

Mjomba Stanslaus, ninayekaa kwake, hununua dhahabu Geita. Ana kopo la bati la vifaa vyake: mizani, brashi, na sumaku kubwa aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Hunasia mchanga wa chuma uliochanganyika na dhahabu ya vumbi. Kopo hilo haliguswi na mtu. Nimelaza disketi zote mbili juu ya sumaku, zisichezecheze. Benki wenyewe hawana ulinzi huu.

Ijumaa, 11 Septemba

Disketi yangu imekataa. Kompyuta inasema haina kitu. Nikaona heri nishindwe kuliko Vipul aondoke mikono mitupu, nikatoa ya kwake mfukoni, nikasema nimekumbuka nilipoiweka. Nayo tupu.

Vipul akauliza zililala wapi. Nikamwambia. Akanieleza taratibu kwamba sumaku hufuta disketi, sumaku yoyote ile. Sneha akamuuliza kulikuwa na nini chumba cha mwisho. Akasema alipanga taa ukutani zikaandika majina yetu, ili popote itakapochezwa tuwe pamoja. La kwangu lilitangulia.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Jumamosi, 12 Septemba

Stendi. Nilimwamkia baba yake shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Vipul alinipa disketi mpya, akasema nijenge tena, kwa niaba ya wote wawili, nimtumie kwa posta. Basi la Mwanza likaondoka. Nililia mbele ya wapiga debe, na hakuna aliyenicheka.

Jumapili, 13 Septemba

Baada ya Misa nilikwenda kumwomba Sneha, akanifungulia duka. Nimeanzia chumba cha mwisho. Taa zimeshaandika majina mawili, na safari hii la Vipul limetangulia. Nimeikopi kwenye disketi yake, kisha nikaifuta kwenye kompyuta kama baba yao alivyoagiza.

Nimejifunza. Nilimwomba mjomba aitupe ile sumaku. Akasema yaya, hapana kwa Kisukuma, na uso wake ukasema hivyohivyo. Basi disketi ya Vipul haitalikaribia kopo lile tena. Nimetafuta mahali pa juu, pakavu, pasipofikiwa na mkono wa mtu, nikapapata: kabatini, kwenye redio mpya ya mjomba. Nimeiegemeza kwenye spika kubwa. Imetulia vizuri ajabu, utadhani kuna kitu kinaishika.